Kwa nini askari wangu wamepauka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandaa mchezo wa mezani wa mapigano ya Tabora ya 1916, mji wangu. Nina vijisanamu 24 vya plastiki vya milimita 28: nusu ni askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, nusu ni wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Ngozi nilianza na kahawia iliyokolea, penye mwanga nikachanganya nyeupe, mwisho nikapuliza vanishi isiyong'aa. Wote wamepauka kama watu waliooga wasijipake mafuta. Kosa ni la rangi au la vanishi? Niwavue rangi nianze upya? – Msomaji, Tabora.

JIBU: Marahaba. Usivue kitu bado. Chovya brashi safi kwenye maji, lowesha uso wa askari mmoja, umtazame kabla hayajakauka. Weupe ukipotea na kahawia ikarudi, kosa ni la vanishi. Ukibaki vilevile, ni mchanganyiko wa rangi. Kwa maelezo yako nadhani utakuta yote mawili.

Tuanze na vanishi. Vanishi isiyong'aa ina unga laini sana unaotawanya mwanga, na unga huo hutuama chini ya kopo. Usipotikisa kwa dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi iliyo ndani ya kopo ikigonga, unapuliza unga mwingi mahali pamoja. Ukipuliza koti (yaani tabaka la vanishi) nene, unga hujaa mashimoni: kwenye macho, chini ya pua, mikunjo ya sare. Kisha kuna hali ya hewa. Kwenye jua kali la mchana wa Septemba, matone hukauka hewani na kutua kama vumbi. Ukipitisha kidole utasikia kama msasa. Masika nako unyevu hunaswa ndani ya koti na kuacha ukungu. Pulizia asubuhi umande ukishakauka, kivulini, umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono ukipita haraka bila kusimama juu ya kijisanamu. Makoti mawili mepesi hushinda moja zito. Walioko Kigoma waongeze tahadhari ya upepo wa ziwani.

Dawa yake: paka kwa brashi koti jembamba la vanishi ya maji inayong'aa. Itajaza mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na rangi ya chini itaonekana tena. Thina ya rangi za magari usiisogeze kabisa. Inayeyusha plastiki, na pua ikishayeyuka hairudi.

Sasa rangi yenyewe, ambayo ndiyo kosa kubwa zaidi na wachoraji wengi hulirudia. Nyeupe ni rangi ya baridi na inafunika sana. Ukiitia kwenye kahawia, haileti mwanga bali majivu. Ngozi nyeusi penye jua huelekea kwenye joto, yaani nyekundu, chungwa na njano ya udongo, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni mng'ao tu. Jaribu hivi:

Rangi ya msingi: matone 3 ya kahawia iliyokolea, 1 la nyekundu ya kutu. Kivuli: msingi huohuo na ncha ya brashi ya buluu nzito, si nyeusi. Mwanga wa kwanza: matone 2 ya msingi kwa 1 la chungwa iliyofifia. Mwanga wa mwisho: ongeza njano ya udongo, uguse tu juu ya pua, mifupa ya mashavu, paji na vifundo vya vidole. Viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Na usiwape wote ngozi moja. Badilisha kiasi cha nyekundu kila baada ya askari watatu au wanne.

Kwa hao 24 huhitaji kurudia yote. Baada ya vanishi inayong'aa, pitisha koti jepesi la isiyong'aa, kwa sababu rangi nyembamba juu ya mng'ao hujikusanya kama maji kwenye jani la magimbi. Kisha changanya tone 1 la msingi na matone 5 au 6 ya maji, kausha brashi kidogo kwenye kitambaa, upake juu ya sehemu zilizopauka. Mara mbili au tatu, kila koti likauke. Mwishoni paka ngozi peke yake vanishi ya kung'aa kidogo, sare ibaki bila mng'ao. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowapa uhai.

Rangi ikikaukia sahanini kabla hujamaliza uso mmoja, tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko, tandika sponji lililoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi itadumu saa kadhaa.

Kuhusu sare: wa Kijerumani wapake kaki, na tarbushi zao zifunikwe kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, mikanda na mifuko ya risasi ni ngozi ya kahawia. Force Publique walikuwa na sare ya buluu na tarbushi nyekundu kabla ya vita, kaki ikaingia vita vikiendelea. Wachache wenye buluu iliyochujuka hawatakuwa kosa, na wengi waache miguu mitupu.

Vitako vya kusimamishia vijisanamu usivipake kijani. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba, kiangazi kinaelekea mwisho: nyasi ni za rangi ya majani makavu. Udongo unao mlangoni. Uchekeche, uukaushe vizuri kwenye sufuria, ubandike kwa gundi nyeupe ya seremala. Kijani kibaki kwenye miembe tu.