Afande, piga hodi kwanza ndipo upige picha

*Shangazi,*

*Kwa umri huenda mimi ni babako, lakini nitakuita shangazi kama wanavyokuita wengine. Ni mwanajeshi mstaafu wa miaka 71, naishi Mikindani, Mombasa. Mwaka 1989 nilikuwa Namibia na kikosi chetu cha kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Nilipotoka jeshini nikasimamia walinzi wa bohari moja Shimanzi mpaka magoti yakakataa. Kijana wangu aliye Qatar akaniletea kamera yake kuukuu, nikanogewa. Nikajinunulia lenzi ndefu kwa pesa za pensheni, shilingi 60,000. Mama watoto sikumwambia bei. Naipenda kwa kuwa naona watu na wao hawanioni.*

*Mwezi uliopita nilijibanza kichochoroni Mji wa Kale nikawapiga picha kina mama watatu waliokaa barazani. Mmoja akaniona, akapiga ukelele, vijana wakanizunguka: "Mzee mzima, unapiga picha wake za watu?" Nilitetemeka, na mikono yenyewe siku hizi hutetemeka bila sababu. Nyumbani mama watoto akasema lau angekuwepo angeivunja kamera. Ati nina picha chungu nzima za watu nisiowajua, na yeye sijampiga hata moja. Sasa kamera iko chini ya kitanda. Lakini nikitoka nayo alfajiri, usiku hulala. Nisipotoka nayo, saa nane za usiku niko macho, mawazo yamerudi kule kule. Je, niiuze?*

*Afande wa Mikindani*

---

Shikamoo afande. Kuamkia ni wajibu wangu mimi, si wako.

Kamera usiiuze. Hilo tulimalize mapema, maana naona ndilo lililokukosesha raha. Linalofuata hutalipenda: wale vijana hawakukukosea. Walikuwa wakali, sawa, na mtu wa umri wako kuzungukwa hadharani ni fedheha. Lakini wangekuwa mabinti zako wamekaa pale, na mwanamume wasiyemjua amejificha kwenye kona na lenzi ndefu kama mkono, wewe ungekuwa wa kwanza kumshika shati.

Kuna neno umeliandika ukalipita mbio, mimi nimelirudia kulisoma: "naona watu na wao hawanioni." Hiyo, mzee wangu, ni kazi ya zamu. Umeifanya jeshini ujana wako wote, ukaifanya tena Shimanzi. Pensheni wamekupa, ila jicho lako bado halijapokea barua ya kustaafu. Kwa kweli ni hilo tu ninalotaka ulishughulikie, mengine yote ni madogo.

Wewe ni mtu wa hapa, huna haja ya kufundishwa baraza ni nini. Iko nje ya nyumba lakini ni sebule. Anayepita hutoa salamu hata kama hana haja na waliokaa. Wewe umeingia sebuleni kwa watu bila hodi, na ukaondoka na kitu.

Halafu usije ukajipoza kwa ule usemi kwamba wanawake wa Pwani hawapendi picha. Nani kasema? Fungua sanduku la bibi yeyote wa mji huu uone. Miaka ya hamsini na sitini kulikuwa na studio ya Parekh hapa Mombasa, na watu wa kila kabila na kila dini walikwenda pale wamejipamba, Waswahili, Waarabu na Wahindi, wake kwa waume. Baadaye kukawa na vile vibanda vya wapiga picha kule feri ya Likoni, vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na foleni ya watu wanaotaka kuonekana kama wanasafiri ng'ambo. Mwanamke alichagua leso, akajitia wanja, akaketi alivyotaka, akalipa, akangoja picha ioshwe, kisha akaamua mwenyewe nani aione na nani asiione. Picha alizitaka sana. Kuibiwa uso wake ndiko hakutaka.

Basi fanya hivi. Chagua siku, usiwe Ijumaa watu wakiwa na haraka ya msikitini, urudi Mji wa Kale na zile picha zikiwa bado kwenye kadi. Usiende kwa kina mama moja kwa moja. Mtafute mzee wa mtaa, au yeyote unayemfahamu anayekaa pale kunywa kahawa, umweleze, awe ndiye anayekufikisha. Omba radhi, kisha uzifute mbele yao. Ukirudi nyumbani uzifute na kwenye kompyuta, maana huko hakuna shahidi ila Mungu. Ujue pia kwamba hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Picha ya mtu anayetambulika nayo ni data yake, na siku utakapotaka kuuza picha au kuitoa hadharani, ridhaa yake itaulizwa. Ya mtoto huulizwa kwa mzazi. Kuhusu kupiga picha kwenye kambi ya wanamaji ya Mtongwe, bandarini na kwenye feri sikufundishi, hayo unayajua kunishinda.

Tuje kwa mama watoto, na hapa nitakugombeza kidogo. Shilingi 60,000 kutoka kwenye pensheni ya watu wawili, na bei ukaificha? Mwambie leo. Mwambie kabla ya kumsifu, kabla ya kumletea chochote, ili asidhani sifa ni rushwa. Atanuna, mwache anune.

Akishapoa, usimvizie jikoni na kamera. Umezoea kuvizia, najua. Mwombe. Mwulize angependa kupigwa picha wapi, avae nini, na kama ana picha yake ya zamani anayoipenda, akutolee muitazame pamoja. Huenda ikawa ya vibanda vya Likoni, huenda akakueleza nani aliyemsindikiza siku ile na viatu vilikuwa vya nani. Ukimsikiliza vizuri utajua cha kupiga. Na hiyo picha, afande, isionekane kwenye kundi la WhatsApp la wastaafu wenzako mpaka yeye aseme ndiyo.

Sasa kazi yenyewe. Mimi kamera siijui, nimemwuliza mpwa wangu anayepiga picha za harusi hapa mjini. Amesema utafute lenzi fupi isiyovuta, ile ya milimita 50 au 35, ya mtumba iliyo safi. Nimemwuliza kwa nini, akanijibu: ukiwa na hiyo, ukitaka uso wa mtu ujae, huna njia ila umsogelee hatua mbili tatu. Na Mombasa humsogelei mtu hatua mbili bila kumwamkia na kuulizana hali za nyumbani. Nilipenda jawabu hilo kuliko alivyojua.

Kuhusu mikono: weka kasi ya shata, yaani kile kipande cha wakati kamera inapofunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, egemea ukuta au nguzo, viwiko uvibane mbavuni. Toa pumzi nusu, zuia, kisha kitufe ukibonyeze taratibu. Mpwa wangu alipofika hapo nikacheka, kwa sababu hayo ulifundishwa kwenye shabaha kabla yeye hajazaliwa. Ukikata tamaa mkumbuke Mohamed Amin, Mkenya aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akatiwa mkono wa bandia na akarudi kazini na kamera yake.

Jambo jingine alilosisitiza, na ambalo wageni wengi huumbuka nalo hapa kwetu, ni kanzu na buibui. Kamera hupima mwangaza kana kwamba kila kitu duniani ni kijivu. Ukimweka mzee wa kanzu nyeupe mbele yake, yenyewe huona mwanga umezidi, hupunguza, na kanzu hutoka kama imefuliwa kwa maji ya mtaro. Ukimweka mama wa buibui jeusi, huongeza mwanga, buibui likawa la majivu na uso ukapauka. Kwa hiyo kwa kanzu ongeza wewe mwenyewe kipimo kimoja cha mwangaza, kwa buibui punguza kimoja, kisha utazame uso umetokaje. Uso ndio wa kuaminiwa kuliko nguo. Jua la saa sita za mchana liko utosini na huwatia watu vivuli chini ya macho kama hawajalala wiki nzima. Toka saa kumi na mbili unusu za asubuhi mpaka saa mbili, au rudi baada ya saa kumi na nusu za jioni, ama umweke mtu kwenye kivuli cha mlango ulio wazi. Na usiiache kamera chini ya kitanda! Joto na unyevu wa huku hufuga kuvu ndani ya lenzi, na ikishaota kuitoa ni gharama. Itie kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Halafu, na hili usilipuuze, kila uliyempiga mrudishie picha yake. Kwenye simu haitoshi, ioshe kwenye karatasi. Gharama ni ndogo. Anza Mikindani kwenu, Mji wa Kale uupumzishe kwanza. Muuza mahamri wako wa asubuhi, fundi baiskeli, wazee wa bao. Mwamkie, mwombe, piga mbili tatu, mwonyeshe hapo hapo, asiyoipenda ifute bila kubishana. Siku ya kurudi na bahasha utaona mwenyewe. Atamwita mkewe aione, mkewe atamwita jirani, na jirani atakuuliza yeye lini. Hapo hutakuwa na haja ya kujibanza popote, maana watakuwa wanakuita wao. Akikataa mtu, mshukuru na upite.

Limebaki la usingizi, ambalo wewe umelitia mwisho wa barua kana kwamba ni dogo. Kuamka saa nane za usiku ukiwa "kule kule" miaka zaidi ya thelathini baadaye si udhaifu, na si wewe peke yako kati ya mliovaa magwanda. Kamera inakutuliza, iendelee kukutuliza. Lakini kama usiku wako unategemea kifaa ambacho betri yake huisha, basi uhitaji mwingine upo. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Nenda ukazungumze na mtu aliyesomea mambo hayo, na hiyo mikono itajie daktari pia, isije ikawa ni ya kutibika na wewe unaisingizia uzee. Kama unaona haya kwenda peke yako, mchukue mama watoto. Nadhani anayajua ya saa nane za usiku kuliko unavyofikiri, analala ubavuni pako.

Lenzi ndefu nayo? Mwachie yeye aamue. Akisema iuzwe, iuze, na pesa azishike yeye. Akikuhurumia akakuachia, ipeleke kwenye mikoko ya Tudor maji yakikupwa, ambako mdiria na korongo hushuka kutafuta samaki. Ndege ruhusa kuwavizia. Ila mwambie unaenda upande gani na utarudi saa ngapi, kwa magoti hayo sitaki kusikia umekwama kwenye tope.