Hiyo sarafu ya Monako ikapimwe kwa sonara kwanza

Mkuu, kama hiyo laki tisa bado iko mfukoni, iache hapo hapo. Nimesoma kwamba uko Ujiji, jamaa mwenye boti amekuletea sarafu ya yuro 2 ya Monako, ile nchi ndogo ya Ulaya, ya mwaka 2007 yenye sura ya Princess Grace (Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monako), na anadai alipewa na mtalii aliyekuwa anakwenda hifadhi ya Gombe. Umeuliza kama laki tisa ni bei nzuri. Hiyo hadithi ya mtalii ndiyo imenifanya niandike usiku huu. Mimi niliuziwa sarafu kama hiyo kwa hadithi hiyo hiyo, ila mtalii wangu alikuwa padre, na padre huyo hadi leo hajulikani ni wa parokia gani.

Nilikuwa hapa Tabora, nimetoka kuuza asali ya msimu mzima, nina milioni moja na laki nne. Muuzaji akanitumia picha. Nikaiweka kwenye kundi letu la wakusanyaji, na mmoja ambaye wote tulimwita mwalimu akajibu ndani ya dakika mbili: "Ni yenyewe, chukua kabla hajapata mteja mwingine." Nikachukua. Baadaye nikajua mwalimu huyo alikula cha juu kwa muuzaji. Muuzaji simlaumu kama ninavyomlaumu huyu. Muuzaji sikumjua, lakini huyu nilikuwa namwamkia shikamoo! Picha ya simu, imepigwa usiku, ataijuaje sarafu kwa picha? Picha haina uzito.

Nilikaa nayo wiki tatu, nimeifunga kwenye kitambaa. Siku nimepeleka pete ya mke wangu kwa sonara ikarekebishwe, nikamwomba anipimie na hiyo. Mizani ikasoma gramu 7.6. Yuro 2 halali, iwe ya Monako au ya Ujerumani, ina gramu 8.5 na upana wa milimita 25.75. Sonara hajui Monako iko upande gani wa dunia, lakini akaniambia, "Kaka, hii nyepesi." Akaleta sumaku, sarafu nzima ikaruka. Ya kweli haifanyi hivyo: duara la nje ni shaba na nikeli, halivutwi. Kiini tu ndicho huvutwa kidogo, kwa sababu katikati kina tabaka la nikeli. Tukatazama ukingo. Monako hupigiwa sarafu Ufaransa na hutumia ukingo wa huko: namba 2 na nyota mbili, mara sita, moja imesimama, inayofuata imepinduka. Yangu ilikuwa na mistari mitupu. Milioni moja na laki nne, mkuu. Mizinga mingapi hiyo!

Halafu fikiria. Hizo za Grace zilitolewa 20,001 tu, kukumbuka miaka 25 tangu Grace Kelly afariki mwaka 1982, na ziliuzwa kwa wakusanyaji zikiwa ndani ya kasha. Huko Ulaya moja inapita yuro elfu moja. Nani atampa mwenye boti bahashishi ya namna hiyo? Yuro 2 ya ukumbusho ya Monako ya 2015 ni chache zaidi, 10,000, na bado ya Grace inaizidi bei, kwa sababu ya jina lake. Penye jina ndipo waigaji wanapokimbilia. Sisi wa Tabora tungepaswa kulijua hilo kuliko wote: Wajerumani walitengeneza hapa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo mwaka 1916, na tembo wa bandia wanauzwa mpaka leo.

Usidanganyike pia na neno "nchi ndogo". Yuro 2 za kawaida za Monako zenye sura ya mtawala wake, Albert wa Pili, kuna miaka zimetoka zaidi ya milioni moja. Yuro 2 ya ukumbusho ya Vatikani ya 2004 ni 100,000. Udogo wa nchi usikutoe pesa, na neno la mtu yeyote lisikutoe pesa, hata langu. Mizani kwanza.

Kesho mwambie huyo jamaa mkutane kwa sonara hapo Kigoma mjini, sarafu ipimwe nyote mkiangalia, na sumaku iwepo. Akisema ana haraka, mwache aende na haraka yake. Ikishapimwa, niandikie hapa hapa mizani imesoma ngapi. Nitakuwa macho.