Mbuzi, mamluki na namba sita

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba timu inabebwa na mchezaji nyota au na mfumo wa kocha, huku Moshi halijibiwi bila watu kununiana. Kijiweni kwetu Pasua lilishageuzwa la Simba na Yanga kabla chai haijapoa. Mwenye jezi nyekundu anakumbusha kwamba mwaka 2021 nyota wao Chama aliuzwa Berkane ya Morocco na Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri, na ubingwa uliokuwa umekaa Msimbazi kwa Simba misimu minne mfululizo ukahamia Jangwani kwa Yanga. Kwa hiyo nyota. Mwenye ya kijani anajibu kwamba mshambuliaji Mayele aliondoka Yanga 2023 baada ya kufunga hadi fainali ya Kombe la Shirikisho, na bado kocha Gamondi akachukua ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo mfumo. Kila mmoja ana mfano wake, na kila mfano ni wa kweli.

Mimi linalonikera ni jingine. Nyota akishasimama kushika kiuno, nani anakimbia badala yake? Na huyo anapewa nini?

Real Madrid walijibiwa swali hilo mapema. Mwaka 2003 walimleta Beckham, na majira yale yale wakamwachia Makelele, kiungo wao mkabaji, aende Chelsea, kwa sababu kazi ya Makelele haiuzi jezi. Misimu mitatu iliyofuata, wakiwa na Zidane, Ronaldo na Raul, hawakupata ligi wala Kombe la Ulaya. Lakini sikuhitaji kwenda hadi Hispania kujifunza hilo.

Niliwahi kucheza namba mbili, beki wa kulia, kwenye timu ya mtaa, enzi magoti yakiwa bado yananisikiliza. Kulikuwa na ndondo ya mbuzi na seti ya jezi, tukafika nusu fainali, tukapangwa na watu wa Njoro. Viongozi wakaingiwa na hofu. Likapitishwa daftari la michango: madereva wa bodaboda, akina mama wa mitumba pale Memorial, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mwanawe alikuwa winga wetu, kwa sababu ambazo hamhitaji kuelezwa. Hela ikapatikana, akatafutwa mamluki kutoka Arusha, kijana wa madaraja ya chini ambaye jina lake lilikuwa limeshavuka Mto Kikafu. Elfu themanini, nauli ya kwenda na kurudi, na chakula. Sisi wengine soda.

Alishuka kwenye Noah, viatu vikiwa kwenye mfuko wa nailoni, akapelekwa moja kwa moja kwa mama ntilie. Akaagiziwa mtori na nyama. Mtori, saa moja kabla ya mechi! Lakini nani angemwambia. Alikula taratibu, akaomba ndimu, na watoto wamelizunguka benchi wanamwangalia anavyotafuna.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulimwita Mwalimu tu. Katikati alichezesha watu watatu waliozoeana. Namba sita, kiungo mkabaji, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye makovu ya cheche hadi kwenye viwiko. Chenga hana. Pasi yake ndefu kabisa haikufika mbali. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utaangukia wapi. Mimi nikipanda, anaziba kwangu. Namba tatu akipanda, yuko kule. Mara nyingi nilijua kwamba nimepitwa pale nilipomwona yeye ameshaunyang'anya.

Mgeni akasema yeye ni namba kumi, na kurudi kukaba si kazi yake. Viongozi wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama chini, kisha akamtoa fundi. Fundi hakusema neno. Alikwenda kukaa kwenye kreti ya soda, akafungua kamba za viatu, halafu akazifunga tena.

Tusimvunjie mtu heshima, mpira yule kijana alikuwa anaujua. Mguso wake wa kwanza aliutuliza kwa kifua pale penye kichuguu, mahali ambapo sisi wenyeji mpira ulikuwa unatudunda usoni kila Jumapili. Uwanja mzima ukapiga kelele. Lakini tukipokonywa, anabaki katikati ya safari, mbele hayuko na nyuma hajafika. Watu wa Njoro walilinusa pengo mapema. Namba nane wao akawa anapokea mpira mbele ya boksi letu, anageuka, anachagua. Nikimfuata, winga wao anapita mgongoni kwangu. Nikibaki, anapiga. Mwishowe akapiga. Nyavu zetu zilikuwa zimetoboka, mpira ukapitiliza hadi kwa wauza miwa, ikabidi refa aulizwe kama ni goli. Mshika kibendera, ambaye alikuwa shemeji wa kipa wao, alikuwa ameshafika katikati ya uwanja.

Mapumziko yalikuwa kikao cha ukoo. Namba nane wetu alisema, "Mwalimu, watatu tulikuwa tunaitosha hii kazi. Sasa hivi tuko wawili na bosi." Meku mmoja, mzee wa Kichaga, akapiga fimbo chini: "Huyo hatoki! Hela yangu imo." Mwalimu akasema, "Hatoki, mzee wangu." Kisha akamgeukia winga wetu, mwana wa mwenye duka: "Baba, pumzika." Sijawahi kuona ujasiri wa kocha kama ule, na nimewaona makocha kwenye televisheni wakiwatoa wachezaji wa mabilioni. Mwenye duka alikwenda kuwasha pikapu yake. Fundi akaingia.

Halafu Mwalimu akamwambia mgeni maneno ambayo hatukuyategemea: "Wewe kaka, usirudi kabisa. Simama na stopa wao. Hata tukizidiwa, usirudi."

Na hapo mechi ikabadilika. Mabeki wao hawakuthubutu kumwacha. Namba nne, namba tano, na namba mbili wao aliyekuwa anapanda kipindi chote cha kwanza, wote wakabaki wanamlinda mtu ambaye hafanyi lolote. Jina lake lilikuwa linakaba watu watatu. Huku nyuma fundi anasafisha, na sisi tukapata pumzi ya kupanda. Namba nane akasawazisha kwa kona. Jioni ikiingia tukapata faulo, mgeni akaiweka juu ya ukuta kama anatupia shati kwenye kamba. Mbili moja.

Alihesabu elfu themanini zake pale pale, akawahi Noah ya Arusha. Fundi alipewa soda ya moto, akainywa akiwa amesimama maana alikuwa na geti la mtu la kumalizia.

Ningeweza kuishia hapo na kusema mfumo umeshinda, na nilipoanza kuandika ndivyo nilivyokusudia. Ila kuna fainali. Daftari lilikuwa limekauka, mgeni hakuja. Fundi alicheza dakika zote, watatu wale wale wa katikati, mfumo ule ule. Wapinzani hawakuwa na wa kumwogopa, mabeki wao wakapanda kama wamealikwa. Tukafungwa moja bila, mbuzi akaenda Majengo.

Kwa hiyo wanaonitajia Zambia ya 2012 nawaelewa nusu. Ni kweli, kwenye fainali ya AFCON pale Libreville Ivory Coast ilikuwa na Drogba, Yaya Toure na Gervinho. Drogba akapaisha penati ndani ya dakika tisini, na vijana wa Zambia wa kocha Herve Renard wakabeba kombe kwa matuta nane kwa saba. Hiyo ni fainali ya ndoto, ila ni fainali moja. Wanaonitajia PSG nawaelewa zaidi: Messi, Neymar na Mbappe wakiwa pamoja waliishia hatua ya kumi na sita Ulaya misimu yote miwili, na kombe lilikuja 2025, wote watatu wameshaondoka, Inter akala tano bila. Lakini Messi huyo huyo, kule Qatar 2022, alitembea nusu ya mechi na Argentina ikawa bingwa, kwa sababu kocha Scaloni alimzungushia De Paul, Mac Allister, Enzo Fernandez na Julian Alvarez wakimbie kwa niaba yake. Alifunga saba. Mwalimu wetu angeitambua hesabu hiyo. Mshambuliaji wetu Samatta sisi hatukumzungushia watu namna hiyo. Alikuwa akitoka Genk ya Ubelgiji, alikozoea kuletewa mipira, na akija Taifa Stars anajiletea mwenyewe.

Mkinibana basi, nasema nyota. Najua nimetumia karatasi nzima kumtetea fundi. Nasema nyota kwa mechi ya mtoano, endapo kocha ana ubavu wa kumtoa mtoto wa mfadhili, na endapo namba sita habanduki. Kwa ligi ya mechi thelathini jibu langu linalegea. Leicester walibeba ubingwa wa Uingereza 2016 na wote tukaimba Vardy na Mahrez. Kiangazi kile Kante, kiungo wao mkabaji, akahamia Chelsea. Msimu uliofuata Chelsea bingwa, Leicester ya kumi na mbili, na Vardy na Mahrez wote walikuwepo. Sasa hapo nyota alikuwa nani? Ukinijibu Kante, umenivuruga, maana itabidi nikubali kwamba siku ile tulimlipa mtu mwingine.

AFCON ya 2027 inakuja, na uwanja unajengwa pale Olmoti, Arusha. Kikosi kikitangazwa watu watatafuta jina la mshambuliaji kwanza, na mimi nitalitafuta pia, sijifanyi mtakatifu. Na daftari likipita tena Pasua nitachangia ya mamluki. Ila kwenye mstari wangu nitaandika nusu ni ya namba sita, na mweka hazina akisema daftari halina safu hiyo, achukue rula aichore.