Jibu: Daftari la shukrani linanichosha, nakwama wapi?

Salamu ndugu. Umesema kila usiku unaandika mambo matatu ya kushukuru, ila sasa ni yale yale, "afya, familia, chakula", na moyoni husikii chochote.

Angalia kwanza saa unayoandika. Ukiwa kitandani umeshazidiwa na usingizi, utaandika lolote ili ulale. Mimi nilihamishia jioni, wakati nasubiri chai ichemke, na hapo ndipo mazoea yaliposhika.

Kisha achana na maneno mapana. Badala ya "familia", andika tendo moja na aliyelitenda: "Shemeji kanibakizia ukoko wa wali kwa sababu anajua naupenda." Juzi niliandika habari za konda aliyeshuka, akamshika bibi mmoja mkono na kumvusha barabara, ndipo akagonga bodi gari liondoke. Ukizoea hivyo, mchana kutwa macho yanatafuta cha kuandika, na kwangu faida kubwa iko hapo kuliko kwenye daftari lenyewe.

Siku ukikosa kitu, pumzika. Katika utafiti wa wanasaikolojia Emmons na McCullough wa Marekani, uliochapishwa 2003, kundi mojawapo liliandika mara moja tu kwa wiki na bado liliyaona maisha yake kwa uzuri zaidi. Lakini kama una msiba au huzuni isiyoisha, usijilazimishe kushukuru. Tafuta mtu wa kuzungumza naye kwanza, hata daktari.

Halafu yule uliyemwandika, mpigie umwambie. Anza na shemeji, au yeyote wa leo.