Kabla hujanunua mtambo wa biodizeli, tafuta mafuta

Wanaoniuliza habari za biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, karibu wote huanza na mtambo: uwe wa lita ngapi, pampu gani, chuma gani. Nami huwauliza: mafuta utayatoa wapi, na nani mwingine anayataka? Mtambo mdogo ni tangi lenye kipasha joto na pampu, na fundi mzuri wa kuchomelea atakuundia. Kinachowafungisha biashara wazalishaji wadogo ni mafuta. Kwa kawaida malighafi hiyo peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama zote, na mara nyingi hufika robo tatu na ushee.

Mwanzoni wenye mikahawa hukupa mafuta yaliyokwisha kukaangia na kukushukuru juu. Hali hiyo haidumu. Siku hizi viwanda vikubwa vinayageuza mafuta hayohayo kuwa dizeli na mafuta ya ndege, na vinayakusanya hata kutoka bara jingine. Kwa bei huviwezi. Unachoweza ni kufika siku uliyoahidi, kuacha mapipa safi yenye vifuniko, na kuandikiana mkataba hata wa ukurasa mmoja. Wanaonipa mafuta kwa muda mrefu nimewashika kwa mapipa safi kuliko kwa pesa.

Kuna anayeniambia atapanda mbono kaburi (jatropha) akamue mbegu zake. Miaka ya 2000 mmea huu ulisifiwa kwamba unastawi kwenye ardhi kame bila kutunzwa. Kweli haufi, lakini kutokufa si kuzaa: bila maji na mbolea mbegu ni chache, haziivi kwa pamoja, kwa hiyo kuvuna ni kazi ya mikono, na mashudu yake yana sumu, hayalishwi mifugo moja kwa moja. Mimi nisingeweka hata shamba la uani.

Mafuta yakipatikana, yapime mlangoni kwa aliyekupa, kabla hujayamimina kwenye tangi lako. Samaki mmoja akioza, unajua kinachofuata. Kwanza maji: weka kidogo kwenye kikaango cha moto, yakitatarika, yana maji. Kisha asidi. Chukua mililita 1 ya mafuta, ichanganye na mililita 10 za alkoholi ya aisopropili na matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha. Kwa bomba la sindano, dondoshea maji yaliyoyeyushiwa kostiki soda, gramu 1 kwa lita 1, huku ukitikisa. Rangi ya waridi itatokea na kupotea, itatokea tena na kupotea. Ikikaa nusu dakika, simama usome bomba. Kila mililita uliyotumia ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya zile 3.5 za kawaida. Mililita 1 au 2, pokea kwa furaha. Ukivuka 5, mimi huyaacha hapohapo, maana humo utapata sabuni nyingi na mafuta ya gari kidogo.

Methanoli, alkoholi inayochanganywa na kostiki ili kuyageuza mafuta kuwa biodizeli, ndiyo inayonitia hofu hadi leo. Unahitaji kama lita 20 kwa kila lita 100 za mafuta, na wauzaji wake si wengi. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, ndiyo maana tunafanyia kazi kwenye 55. Moto wake mchana hauonekani vizuri, mvuke wake unadhuru, inapenya ngozi, na inaweza kumpofusha mtu. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Tumia tangi lililofungwa, mahali penye hewa, na kamwe usifanye kazi hii jikoni, hata kama umeona video ya mtu akiifanya huku anacheka.

Halafu kuna glisirini, masalio mazito yanayotuama chini ya biodizeli. Kila lita 100 za mafuta huacha kama kilo 10 au zaidi, nyeusi, imejaa methanoli na sabuni. Ukiona mpango wa biashara unaoihesabu kama mapato, ufute huo mstari. Biodizeli ilipoenea duniani bei ya glisirini iliporomoka, na hii chafu wanunuzi wake ni wachache. Ikishatolewa methanoli inafaa kwa sabuni, na kidogo kwa mboji. Usiichome kwenye moto hafifu, kwani hutoa moshi wenye akrolini, ambayo ni sumu. Maji ya kuoshea biodizeli nayo yasiende mtaroni. Ugomvi na majirani mara nyingi huanzia hapo.

Kuhusu ubora, kipimo cha haraka ni mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli: mafuta yakituama chini, kazi haijaisha. Lakini hicho si cheti. Viwango kama ASTM D6751 cha Marekani na EN 14214 cha Ulaya vinadai vipimo vya maabara, na bili ya maabara haijali ukubwa wa tangi lako. Mwenye kiwanda anaigawa kwa malori, wewe unaigawa kwa mapipa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mdogo anapoonewa zaidi, na ndiyo sababu biashara hii inamfaa kwanza mwenye jenereta au mashine zake mwenyewe.

Ukiamua kuwauzia wengine, waambie mapema kwamba biodizeli husafisha uchafu wa tangi kuukuu, kwa hiyo filta ya kwanza itaziba na wawe na ya akiba. Mipira ya zamani hulainika na kuvuja. Iliyotoka kwenye mawese au mafuta ya wanyama huganda kukiwa na baridi. Na kila upishi mmoja wa biodizeli uwekee chupa ya sampuli yenye tarehe na namba, gizani. Mteja akija na pampu iliyoharibika, mnaifungua chupa hiyo pamoja kabla ya kulaumiana.