Jibu: Nani wa kuwekwa kwenye ubao wa kumbukumbu wa Oktoba?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ni watu gani mashuhuri waliofariki mwezi Oktoba wanaofaa kuwekwa kwenye ubao wa shule, ilhali nafasi iliyopo ni ya picha tano tu. Ningeanza na Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23 mwezi huohuo. Tarehe hizi mbili zitenganishe vizuri, kwa kuwa wanafunzi huzichanganya.

Oktoba, kwa bahati mbaya, imebeba misiba mizito ya viongozi wa Afrika: Louis Rwagasore wa Burundi alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache tu baada ya kuwa Waziri Mkuu, Thomas Sankara wa Burkina Faso aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987, naye Samora Machel wa Msumbiji alikufa tarehe 19 Oktoba 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, alipokuwa akirejea kutoka Zambia. Nafasi ya tano ningempa Rosa Parks, Mmarekani mweusi aliyepigania haki za watu weusi nchini mwake, aliyefariki Detroit tarehe 24 Oktoba 2005 akiwa na umri wa miaka 92, ili ubao usiwe wa wanasiasa wanaume peke yao.

Chini ya kila picha andika kwanza alichokifanya mhusika, kisha ndipo tarehe ya kifo. Kwa Parks, kwa mfano, utaje mji wa Montgomery, Marekani, mwaka 1955, alipokataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi.