Jibu: Rangi ya kuta kwa nyumba yenye sakafu nyekundu, boriti na milango ya mvule

Ndugu yangu, assalaam aleikum. Umeeleza kwamba nyumba uliyorithi kwa marehemu bibi yako huko Langoni, mjini Lamu, ina sakafu ya saruji nyekundu, boriti za mikoko zilizoachwa wazi darini, milango ya mvule na ukuta mmoja wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kwamba fundi anakushauri upake kijivu nyumba nzima kwa sababu ndiyo rangi inayopendwa siku hizi. Naishi Mkomani katika nyumba ya aina hiyohiyo na kuta zake nimezipaka zaidi ya mara moja, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Ukuta ndio kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha katika nyumba hiyo, na kwa sababu hiyo ndio unaopaswa kufuata, si kuongoza. Sakafu hutaibomoa, boriti hutazing'oa, na milango sidhani kama utaiuza. Anza basi kwa kuvijua vitu hivyo. Chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, uilaze sakafuni, kisha uishike kando ya mlango, kisha uinue karibu na boriti, yote hayo mchana taa zikiwa zimezimwa. Kwangu karatasi hiyo ilionyesha kwamba sakafu, niliyokuwa nikiiita nyekundu tu, inaelekea kwenye zambarau, ilhali milango inaelekea kwenye rangi ya chungwa. Mvule mpya huwa na umanjano, na kadiri unavyokaa kwenye mwanga ndivyo unavyokolea na kuwa hudhurungi, kwa hiyo milango ya zamani kama yako haitarajiwi kubadilika sana tena. Ukiwa na mlango mpya uliochongwa mwaka huu, usichague ukuta kwa kuutazama huo.

Sasa kijivu. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa ubavuni, kila moja huisukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume nayo. Kinyume cha chungwa ni buluu, na kinyume cha nyekundu ni kijani. Kijivu kitakachosimama kati ya milango ya mvule na sakafu nyekundu kitaonekana cha buluu penye mlango na chenye ukijani karibu na sakafu, hata kama ndani ya kopo kilikuwa kijivu kisicho na kingine. Fundi atakuapia kwamba hakuchanganya buluu, naye atakuwa anasema kweli. La kuudhi zaidi ni kwamba mbao nazo zitasukumwa upande wa pili, na ule mlango wa heshima utaanza kuonekana wa chungwa kupita kiasi, mpaka mtu atamani kuupaka rangi ya mafuta auzime. Nyumba kadhaa hapa mjini zimepoteza milango yao kwa njia hiyo, na lawama ilikuwa ya ukuta. Ikiwa moyo wako umeng'ang'ania kijivu, kiwe kile chenye hudhurungi ndani yake, kama mchanga uliolowa, na kikae chumba kimoja kwanza.

Mimi ningepaka nyeupe iliyovunjwa kwa manjano ya udongo. Nyeupe kali ya dukani mara nyingi hutengenezwa ikielekea kwenye buluu ili ionekane safi, na buluu hiyo hujitokeza mara inapokutana na mbao. Chokaa, ambayo ndiyo nyeupe ya asili ya nyumba zetu, ni laini zaidi kwa jicho. Na kama kuta zako ni za matumbawe, ambalo ndilo jambo la kawaida kwa nyumba ya umri huo, basi chokaa ina sababu nyingine iliyo kubwa kuliko uzuri: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi na unahitaji kuvitoa, ilhali rangi ya plastiki huvifungia ndani, kisha ukuta huvimba na kubanduka vipande vipande kuanzia chini. Paka chokaa nyembamba, mara nyingi, juu ya ukuta uliolowanishwa, na utie ndani yake unga wa oksaidi ya manjano kidogo sana. Rangi za oksaidi ya chuma hustahimili ukali wa chokaa. Rangi nyingine nyingi hufifia. Usishtuke ikiwa mbichi, kwa maana chokaa yenye rangi huonekana imekolea sana ikiwa na maji na hupauka sana ikikauka, kwa hiyo hukumu isitolewe siku ya kupaka.

Kuhusu mwanga, tahadhari na ushauri ulioandikwa kwa nyumba za Ulaya, unaosema chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na kinachotazama kusini ni cha jua. Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini, kwa hiyo mwaka mzima kuta zinazopigwa sana ni za mashariki na magharibi. Isitoshe, katika vichochoro vya Langoni jua lenyewe haliingii ndani; linaloingia ni mwanga uliokwisha kugonga ukuta wa jirani au sakafu ya uani. Sakafu nyekundu hurusha wekundu wake juu, na utaona sehemu ya chini ya ukuta mweupe, kama kimo cha goti, ikiwa na uwaridi mwembamba saa za mchana. Nyeupe yenye umanjano huumeza uwaridi huo. Nyeupe kali huutangaza.

Chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha, usijaribu kukiangaza kwa nyeupe. Nyeupe isiyopata mwanga hugeuka kijivu chafu. Huko mimi nilikoleza manjano ya udongo mpaka ikafanana na ganda la mkate, na chumba kikatulia.

Mapambo sasa, na hapa ndipo rangi za baridi, yaani buluu na kijani, zinapotakiwa, kwa kiasi kidogo. Watu wengi wakishakubali kwamba nyumba ni ya rangi za joto huongeza joto juu ya joto: makochi ya hudhurungi, mapazia ya dhahabu, zulia jekundu juu ya sakafu nyekundu, mpaka mbao hazionekani tena. Wazee walilijua hili vizuri. Zidaka zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure, nyingi zikiwa nyeupe zenye michoro ya buluu, na ile buluu ndogo ndani ya chokaa ndiyo inayoupa mvule uhai. Rudisha chache, na uache vidaka vingine vitupu. Sakafuni weka mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Mapazia yawe ya pamba nyeupe isiyopaushwa, mito miwili mitatu iwe ya nili au kijani cha jani kavu, na kitu kimoja kiwe cheusi kabisa, kiti au fremu ya kioo, ili jicho lipate pa kusimama. Shaba inafaa ikiwa ni sinia moja, si kabati zima.

Boriti usizipake. Nafasi za katikati ya boriti zipake chokaa isiyo na rangi, maana darini hakuna kinachorusha wekundu wa kutosha kuihangaisha. Balbu zinunuliwe za kelvini 2700 au 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni mwanga wenye umanjano, kubwa ni wenye ubuluu). Zile za 6500 zinazouzwa kila duka zitageuza kazi yote hii kuwa kijani baada ya Magharibi. Na ukuta wa nje, kwa kuwa mji wa kale umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, uliza Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kugusa.

Kabla ya kununua, paka rangi juu ya kipande cha plaiwudi cha mita moja hivi, uache ukingo mweupe pande zote, ukisimamishe kando ya mlango, kisha kando ya sakafu, asubuhi, alasiri na usiku. Ukitaka tukusaidie zaidi hapa, tuma picha zilizopigwa mchana bila taa, na ile karatasi nyeupe ionekane ndani ya picha, kwa sababu kamera za simu hurekebisha rangi zenyewe na bila karatasi hiyo hatutajua tunatazama nini.